Mwalimu Mkia na Kopo Jipya

Watoto wanamwita Mwalimu Mkia akishageuka. Anajua, na anajifanya hajui. Jina hilo amelitafuta mwenyewe kwa kupiga kelele kila siku ya Mungu: "Mkia! Usisahau mkia!" Kwake yeye herufi isiyo na mkia ni shati lisilo na vifungo. K yake ina mguu unaoshuka chini ya mstari, halafu unajikunja kwenda juu. A ina mkia, M ina mkia, na hata i, kijiti cha watu kisicho na hatia, ameibandika kamkia.

Mimi nafundisha hesabu darasa la nne. Meza yangu katika chumba cha walimu imegusana na yake, na nyumba zetu zimetenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Amefundisha darasa la kwanza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Walipotaka kumpandisha cheo alikataa, akasema huko juu watoto wameshaharibika. Kazi yake anaifanya kwa njia moja tu. Anasimama nyuma ya mtoto, anainama, anakifunika kile kimkono kwa mkono wake, na wanaandika pamoja. Hakibani, na hakiachii mapema. Kuna siku mkono wa mtoto unaanza kwenda wenyewe. Yeye anasema anausikia ukiamka, na hapo anauachia polepole bila kumwambia mwenye mkono.

Ndiyo maana ukitembea naye mtaani hamfiki mnakokwenda. Muuza kuku ameandika KUKU WAPO kwenye kipande cha bati, na K zote mbili zina mikia. "Huyu wangu," anasema, na anasimama. "Alikuwa anatafuna chaki." Seremala wa vitanda na kabati, wake. Muuguzi anayeandika maelezo kwenye bahasha za dawa, wake, ingawa huyo alisumbua sana na herufi S. Anausoma mji mzima kama mtu anayepitia picha za ukoo.

Ana desturi moja aliyoianzisha mwenyewe, ikageuka ya shule. Siku ya kufunga mwaka, ubao unatolewa uani na kuegemezwa kwenye viti viwili, na watoto wa darasa la kwanza wanaitwa mmoja mmoja, mfupi kwanza, kuandika majina yao mbele ya wazazi. Mtoto akimaliza anampa mwalimu wake kile kipande cha chaki. Mwalimu anakivunja. Nusu inarudi kwa mtoto, aende nayo nyumbani. Nusu inadondoka kwenye kopo la maziwa, ting, na wazazi wanapiga vigelegele. Mlio huo wa kopo ndio wanaoungoja. Kuna watu wazima hapa mjini, wana ndevu na wake, bado wanaitunza nusu yao.

Makopo yake yamejaa kabati zima. Mwaka mmoja chaki ziliisha shuleni, na mwalimu mkuu akalitupia jicho lile kabati. Jinsi Mwalimu Mkia alivyomwangalia, alijikohoza akatoka nje.

Sasa, huyu mama ana binti mmoja, fundi cherehani, na binti ana mtoto mmoja, msichana mdogo wa kimo, na jina lake linaanza na K. Tangu mtoto anatambaa, bibi yake alikuwa anaukagua ule mkono kama mnunuzi wa kitambaa. "Mkono huu ndio utakaokuwa wa mwisho wangu," aliniambia. "Nikishaushika huu, nastaafu, nakaa kwangu nachambua mboga." Mwaka mtoto alipofikia umri wa kuanza shule, bibi aliosha kopo jipya, akabandua karatasi yake yote, akalisugua kwa majivu hadi likang'aa. Akaja kunionyesha. "Mdogo wangu, unaliona? Chaki ya mjukuu wangu ndiyo itakayolala chini kabisa."

Nikamwambia hongera. Ningemwambia nini?

Mwaka huo watoto walikuwa wengi, darasa la kwanza likagawanywa vyumba viwili, na akaletwa mwalimu wa pili, binti mbichi kutoka chuoni. Majina yalipobandikwa, mjukuu alikuwa chumba cha pili. Bibi alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kwa mwendo ambao hata mbwa angempisha.

"Mama," mwalimu mkuu alimwambia kwa upole, "kanuni ya kwamba mwalimu asifundishe ndugu yake si uliileta wewe mwenyewe?"

Kweli aliileta yeye. Zamani kulikuwa na mwalimu wa kiume aliyempa mwanawe nafasi ya kwanza kila muhula, na yule mtoto hakuwa anajua hata kuhesabu vidole vyake. Dada yangu huyu, ndivyo ninavyomwita kwa kunizidi umri, ndiye aliyesimama kikaoni akatokwa na povu mpaka kanuni ikapita. Sasa ilimrudia, na hakuwa na wa kumlaumu. Mtu asiye na wa kumlaumu hutafuta. Naye hakwenda mbali, maana vyumba vile viwili vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba tu.

Mwalimu mpya alifundisha kwa makofi. Silabi moja kofi moja, ba, be, bi, darasa zima linapiga. Watoto wakamwita Mwalimu Makofi, na wiki ya kwanza wazazi wawili walikuja juu wakitaka kujua ni nani huyo anayewazaba watoto wao. Alikuwa na gauni la njano, cheko la karibu, na adabu za nyumbani; kila asubuhi alipiga goti kidogo, "Shikamoo, mama." Dada yangu aliitikia "Marahaba" kama mtu anayetema mbegu.

Wivu una sura nyingi, na mwaka ule niliziona karibu zote kwenye uso mmoja. Makofi yalipoanza upande wa pili, watoto wa upande huu walianza kugonga miguu chini ya madawati. Yeye akigeuka, kimya. Akirudi ubaoni, miguu. "Hapa ni shule," alifoka, "si harusi!" Katika chumba cha walimu alihamisha kikombe chake cha chai kutoka rafu ile ambako yule binti alikuwa ameweka chake. Siku mvua ilipomnyeshea binti, sote tukamhurumia, yeye alisema gauni la njano halifai kazi ya chaki. Sijui mvua na chaki vilikutania wapi.

Lakini lililomchoma roho hasa lilikuwa mkono. Mwalimu Makofi hakuwashika watoto mkono. Aliwaachia waandike wenyewe tangu siku ya kwanza, vibaya vibaya, kisha akawaonyesha. Na herufi zake zilikuwa za vitabu vipya, fimbo tupu, hazina mkia hata mmoja.

"Anaandika kama anayepanga kuni," aliniambia.

"Ndivyo vitabu vinavyotaka, dada."

"Vitabu! Vitabu vimemfundisha nani?"

Nikanywa chai yangu.

Siku moja wakati wa mapumziko, wote wako uani, nilipita dirisha la chumba cha pili nikaona mgongo ninaoujua. Mwalimu Mkia alikuwa peke yake mbele ya ubao wa mwenzake, chaki mkononi, anazitia mikia herufi zote alizoziacha mwenzake pale. Mstari kwa mstari, kwa utulivu, kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe. Mwanamke mzima, mjane anayeheshimika, ambaye hata mwalimu mkuu anamwita mama! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kengele ikalia. Mimi nilikuwa na kipindi mlango wa tatu, na kuta zetu za mbao zinavyopitisha sauti sikuhitaji kutega sikio. Watoto waliingia, mara kelele.

"Mwalimu! Herufi zimeota mikia!"

Angekuwa mwingine angeuliza nani kafanya. Yule binti nina hakika alijua, maana hakuna asiyeitambua mikia ile. Halafu akasema kwa sauti ya mchezo, "Loo, zimeota! Basi tuzikate." Akawaita mmoja mmoja, kila mtoto na herufi yake, afute mkia kwa kidole, na wengine wapige kofi. Kata! Pa! Kata! Pa! Chumba kilirindima. Na sauti iliyopanda juu ya zote, nyembamba, yenye furaha isiyo na kipimo, ilikuwa ya mjukuu. "Kata!"

Upande wa pili wa mbao, watoto wa Mwalimu Mkia waliniambia baadaye, mwalimu wao alisimama na chaki hewani, hakuandika kitu mpaka kelele zilipoisha.

Tangu siku hiyo vita vilihamia nyumbani. Mtoto alikuwa akitoka shule anapita kwa bibi kungoja mama yake afunge cherehani. Zamani alipewa uji na kuachiwa acheze. Sasa akawa anakalishwa mezani, bibi nyuma yake, mkono juu ya mkono. Nikianika nguo niliwasikia.

"Shusha. Shusha chini ya mstari. Sasa panda. Mkia."

"Bibi, mkia tunakata."

"Hapa hatukati."

"Mwalimu amesema K inasimama yenyewe."

"Mwalimu wako alizaliwa juzi."

Kisha kifutio kikakwaruza. Siku moja mtoto alipita kwenye kamba yangu akijificha nyuma ya shuka, nikamuuliza mbona hachezi. Akanionyesha mkono wake wa kulia. "Umechoka," akasema. Haukuwa na alama yoyote. Ulikuwa umechoka tu, mkono wa mtoto mdogo.

Muhula wa mwisho Mwalimu Makofi alikuja mezani kwetu, akainama mbele ya dada yangu kwa heshima zake zilezile.

"Mama, samahani. Mjukuu wako alikuwa ananiandikia vizuri, wa mbele kabisa. Siku hizi anaandika herufi moja, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Nimemuuliza hasemi. Wewe una uzoefu, nimekuja unisaidie. Nifanyeje?"

Mungu anisamehe, nilimwonea huruma yule binti, maana alikuwa amekuja na mikono miwili wazi. Dada yangu hakunyanyua hata uso.

"Pengine hafundishwi vizuri," akasema.

Binti akasema asante mama, akaondoka. Nikaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Dada, hiyo si haki."

"Wewe shika hesabu zako."

"Hesabu ndiyo hii. Mkono mmoja hauwezi kuwa na wenyewe wawili."

Alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani atanitukana. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Mji mzima nimeushika mkono. Mji mzima. Mtoto wa mwanangu ndiye nisimshike? Akae na mtu baki, saa sita mchana anatoka hapo anamwimba yeye, njiani anamwimba yeye, kwangu kwenyewe anakula uji wangu anamwimba yeye? Namwonea wivu, ndiyo. Nimesema. Haya, kaandike ubaoni kwako."

Sikuandika. Nilimsogezea chai yake, ikapoa bila kunywewa.

Hata binti yake, yule fundi cherehani, alikuja kumwambia. Nilikuwa naanua nguo. "Mama, mtoto jana kanitegea, hataki kupita kwako." Bibi akajibu kwamba mtoto ni mvivu kama baba yake. Baba wa watu hakuwepo kujitetea. Lakini usiku huo, nina hakika, lile neno halikumpa usingizi, maana kesho yake mtoto alipita akapewa uji, akaachiwa acheze. Mezani hawakukaa tena. Ila mazoea ya miezi hayafutiki kwa siku chache, na siku ya kufunga mwaka ilikuwa imeshabisha hodi.

Mwalimu mkuu alimwachia Mwalimu Mkia amweleze mwenzake utaratibu, na akamweleza: ubao utakaa wapi, watoto wataitwaje, chumba cha pili kitaanza kwa kuwa ndiko aliko mtoto mfupi kuliko wote. Alieleza yote hayo bila kukosea. Desturi ya kuvunja chaki hakuigusa. Mimi nilidhani ameisema. Nani angedhani vingine?

Siku yenyewe uani palijaa. Wazazi kwenye mabenchi, waliokosa mabenchi kwenye kingo za maua, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Sisi walimu tulikaa pembeni. Dada yangu alinipa kopo jipya nimshikie, kwa kuwa chumba chake kingefuata cha pili na alitaka mikono yake iwe huru. Nililiweka mapajani.

Akaitwa wa kwanza. Mjukuu akatoka kwenye mstari, soksi zimevutwa mpaka magotini, akapokea chaki kwa Mwalimu Makofi. Akainuka kwa vidole vya miguu. Akapiga fimbo ya K, wima, safi. Akapiga mkono wa juu. Akaanza mguu wa chini, ukafika kwenye mstari, na pale mstarini chaki ikasimama.

Tulingoja. Mtoto hakushusha wala hakuondoa. Alimwangalia mwalimu wake wa gauni la njano. Akageuza shingo akamtafuta bibi yake kwenye viti vyetu. Akaurudia ubao. Wazazi wakaanza kunong'ona, mama mmoja nyuma akasema kwa sauti asiyodhani inasikika, "Huyu si mjukuu wa Mwalimu Mkia? Hajui kuandika?" Yule fundi cherehani, mama yake, alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake. Mwalimu Makofi alinyanyua viganja kama anayetaka kupiga kofi moja la kumtia moyo, akavishusha.

Mimi nilikuwa naangalia mkono wa dada yangu. Ulikuwa juu ya goti lake, kidole cha shahada kinashuka, kinajikunja, kinapanda. Kinashuka, kinajikunja, kinapanda. Sidhani alijua. Halafu mtoto akaanza kufuta ile K kwa kiganja, mbele ya watu wote, polepole, na kile kidole gotini kikasimama.

Akainuka. Kiti chake kikaanguka nyuma.

"Mwache asifute," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anamfutisha. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. "Mjukuu wangu. Andika kama anavyokufundisha mwalimu wako."

Mtoto akageuka na ubao nyuma yake, chaki imemganda kifuani, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia:

"Mwalimu wangu yupi, bibi?"

Watu walicheka. Kicheko cha watu wema, cha mtoto kusema neno tamu. Sisi watatu hatukucheka, mimi, binti yake, na yule wa gauni la njano ambaye ndipo alipoelewa, nilimwona uso unavyobadilika. Dada yangu alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Huyo hapo," akasema. "Aliyesimama karibu yako."

"Na wewe?"

"Mimi ni bibi."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akageukia ubao, akaandika jina lake lote kwa pumzi moja, herufi baada ya herufi, fimbo tupu, hazina mkia hata mmoja, na zilisimama vizuri. Makofi yakapigwa. Akamkabidhi Mwalimu Makofi kile kipande cha chaki kwa mikono miwili, kama alivyokuwa amewaona watoto wa miaka iliyopita wakifanya.

Na Mwalimu Makofi akasema asante mwanangu, akairudisha chaki kwenye ukingo wa ubao.

Wazazi walitazamana. Mtoto alibaki ameinua mikono, anangoja nusu yake, na binti wa watu anaangalia huku na huku bila kujua amekosea wapi. Hapo ndipo nilipojua hakuambiwa. Nilimgeukia dada yangu, naye akaona kwamba nimejua. Alianza kwenda mbele. Alipita mbele ya wazazi, mgongo umenyooka, akakichukua kile kipande ukingoni, akakishika. Alikishika zaidi ya ilivyohitajika. Nilijiambia: atakivunja mwenyewe. Ameshafika, nani atamzuia?

Akaukamata mkono wa Mwalimu Makofi, akaweka chaki ndani yake, na akaufunika kwa mkono wake.

"Unakivunja," akamwambia. "Nusu yake, nusu yako. Usivunje kwa nguvu, inasagika."

Wakakivunja, mkono juu ya mkono. Mjukuu akapokea nusu yake akakimbilia kwa mama yake. Ile nyingine ilibaki kiganjani mwa binti, na akakinyoosha kiganja kwa dada yangu kwa adabu zake zote.

"Mama, hii tuiweke kwenye kopo lako."

"Hapana. Tafuta kopo lako," Mwalimu Mkia akasema. "Langu limejaa."

Akarudi, akaokota kiti chake, akakaa kando yangu, akaangalia mbele. Kopo lilikuwa bado mapajani mwangu, linang'aa, na ndani hamkuwa na kitu.